Mwalimu Laurencia na Spika ya Dawa ya Panya

"Mwalimu, sauti yako itarudi lini?"

Marsela aliuliza hivyo Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tisa, akiwa darasa la tano mkondo A, dawati la pili kutoka mlangoni. Darasa zima likageuka kumwangalia. Swali lenyewe halikuwa baya. Kila mtu alikuwa nalo tangu sauti ipotee, ila hakuna aliyethubutu kulitoa mdomoni. Mwalimu Laurencia alikuwa amesimama mbele, chaki mkononi. Akamtazama Marsela kwa muda, akatabasamu, akageuka na kuandika ubaoni: *Ukurasa wa 41.*

Basi, likaishia hapo. Jibu lilikuja baada ya miaka minne.

Mwalimu Laurencia ni mtu wa Rhotia kabisa. Mahindi na maharage yake yako nyuma ya kanisa, na ukipita asubuhi na mapema utamkuta amevaa gambuti, anawakatia majani ng'ombe wake wawili, kabla hajavaa viatu vya kazini. Ni mfupi, ana mwendo wa haraka, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa na sauti ambayo ukiisikia mara ya kwanza unamtafuta mtu mrefu. Madereva wa bodaboda kijiweni walikuwa wakijisifu kwamba jedwali la saba walilijulia barabarani, maana mwalimu akifundisha kuzidisha, wao kule chini wanasikia kila kitu, mpaka jina la aliyekosa.

Mwezi wa saba sauti ikaanza kukwaruza. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, akaendelea kufundisha. Asubuhi moja alifungua mdomo aseme "Marahaba, kaeni," ikatoka hewa tu, kama bomba siku ya mgao wa maji. Daktari wa koo alimwambia ameitumia sauti mpaka imeota sugu. Wiki nane asiseme neno, na asinong'one, kwa kuwa kunong'ona ndiko kunakoiumiza zaidi. Kila mtu alidhani atakaa nyumbani, lakini Jumatatu iliyofuata alitokea darasani amebeba mfuko.

Ndani ya mfuko kulikuwa na spika. Haikuwa spika ya muziki. Ilikuwa ile ya wauza dawa ya panya, nyekundu, ya kuning'iniza kifuani, inayopita sokoni ikirudia maneno yaleyale tangu asubuhi hadi jioni. Ilikuwa mali ya Msafiri, kijana wa Karatu mjini anayezunguka magulio yote akiuza sumu ya wadudu. Msafiri alifundishwa na Laurencia darasa la pili, na alipoombwa spika hakuuliza mara mbili. "Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma lebo ya dawa," alisema. "Bila yeye ningeshainywa mwenyewe." Akampa ile ya zamani, ambayo kitufe chake cha kupunguza sauti kilikuwa kimeng'oka na badala yake kimechomekwa njiti ya kiberiti.

Kwa kuwa hakuweza kurekodi sauti yake, Laurencia alikwenda kukusanya sauti za watu. Mzee Abdulwahabu, mwenye duka la vitambaa Karatu, ndiye aliyefundisha vipimo. Alirekodiwa akipima khanga kwenye meza yake, mita na sentimita, huku akimkatalia mteja mmoja aliyetaka kuongezewa. Ndiye pia aliyekuwa akiitikia salamu. Watoto wakisema "Shikamoo mwalimu!" Laurencia anabonyeza, na sauti nzito ya kiume inajibu: "Marahabaaa, wanangu. Kaeni kitako." Wiki ya kwanza hawakuweza kukaa kwa kucheka.

Kaka yake, Hilary, dereva wa watalii, alileta projekta ndogo ambayo loji moja ilikuwa imeistaafisha kwa sababu inatia kila kitu rangi ya kijani, isipokuwa kilicho chekundu. Akaleta na video alizojipiga ukingoni mwa kreta, akieleza jinsi mlima ulivyolipuka na kuporomoka. Kila mara alijisahau. "Sasa wageni wangu, tukimaliza hapa tunaendelea na gemu draivu... samahani, wanafunzi wangu." Darasa la tano walimwona tembo wa kijani na pundamilia wa kijani, na hakuna aliyelalamika.

Lakini kilichopendwa kuliko vyote ni kadi. Kila mtoto alikuwa na karatasi ngumu yenye namba na mchoro mweusi wa vibokisi, kila upande una herufi: A, B, C, D. Mwalimu anaandika swali ubaoni. Wewe unaigeuza kadi yako, herufi ya jibu lako ikae juu, unainyanyua. Yeye anapitisha simu yake mbele ya darasa kama mtu anayepiga picha ya harusi, na ukutani, kupitia ile projekta, zinatokea namba zote sitini na moja, za kijani kwa waliopata, nyekundu kwa waliokosa. Huwezi kuangalizia, kwa kuwa mchoro wa jirani yako si sawa na wako. Fabian, ambaye tangu darasa la kwanza alikuwa akiishi kwa majibu ya jirani, alizunguka siku tatu akisema hiyo simu ina uchawi.

Jumanne, siku moja baada ya Marsela kuuliza swali lake, alitumwa kupeleka madaftari ofisini. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani alikuwemo Mwalimu Mkuu Valeriani na mgeni mwenye koti la kijivu. Huyo alikuwa Bwana Clemensi, afisa elimu mpya wa kata.

"Mwalimu asiye na sauti ni sawa na dereva asiye na mikono," Clemensi alikuwa akisema. "Tumhamishie Karatu ofisini, akapange mafaili. Watoto wake tuwaunganishe na mkondo B."

"Mheshimiwa, njoo kwanza uone anavyofundisha," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nitakuja Alhamisi. Kipindi kimoja. Nikiona hafundishi, barua ninayo tayari."

Marsela aliyaweka madaftari mezani, akatoka akitembea, na alipofika pembe ya jengo akakimbia. Mapumziko hayajaisha, mkondo A wote walikuwa wanajua.

"Tukiunganishwa na B tutakaa wanne wanne dawati moja," alisema Fabian. "Na mwalimu wao anachapa kwa wino mwekundu, anakuharibia daftari lote."

"Mimi simwazii mwalimu wa B," alisema Nashipai. Huyu alitoka Arash, kwa wafugaji, alikuwa akikaa Rhotia kwa shangazi yake, na alikuwa na tabia ya kusema kitu kikaisha. "Ninamwaza Mwalimu Laurencia na mafaili. Atakufa kwa kuboreka."

Wakakubaliana kwamba Alhamisi hakuna kuchelewa, hakuna kupiga kelele, na Fabian hasemi kitu chochote.

Sasa, Jumatano jioni Msafiri alipita nyumbani kwa Mwalimu kusafisha spika, maana ilikuwa ikikoroma. Alikuwa na ya kwake pia. Akazifungua zote mbili mezani, akatoa memori kadi, akapuliza vumbi, akarudisha. Mtu yeyote anayeziona memori kadi mbili nyeusi zilizolala pamoja anajua kilichotokea.

Alhamisi saa tatu, Bwana Clemensi aliingia na kukaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamegusa kidevu, daftari lake limefunguliwa. Darasa lilisimama wima.

"Shikamoo mwalimu!"

Mwalimu Laurencia akabonyeza.

"DAWA YA PANYA! Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, kupe! Inaua wadudu wote! Panya akionja hakimbii, halii, haagi nyumbani! Leta panya wako, leta mende wako..."

Watoto walijizuia sekunde mbili hivi. Tatizo ni kwamba hakuna mtoto wa Rhotia asiyelijua tangazo lile kwa moyo. Mmoja akaitikia kwa sauti ya chini, "haagi nyumbani," wa pili akafuata, mara wote sitini na moja wakawa kwaya. Mwalimu alihangaika na ile njiti ya kiberiti, ikavunjika. Spika ikapanda sauti. Mwisho akaichomoa memori kadi kwa ukucha, na darasa likanyamaza, kila mtu akikumbuka ghafla ni Alhamisi gani.

Marsela alimwona Mwalimu amefungua mdomo. Nyuma, kalamu ya Bwana Clemensi ilikuwa ikikimbia kwenye daftari.

Na katika kimya kile Fabian akanyoosha mkono. Nashipai alimkanyaga mguu, lakini wapi.

"Mwalimu, samahani," alisema Fabian. "Hivi panya ni mdudu?"

Hakuna aliyecheka.

"Kwa sababu hiyo spika imesema inaua wadudu wote, halafu wa kwanza ikamtaja panya."

Mwalimu akafunga mdomo. Akamtazama Fabian, akaitazama spika. Kipindi kilikuwa cha hisabati, mzunguko wa mstatili, na mstatili wenyewe ulikuwa umeshachorwa. Akachukua dasta akaufuta wote, akaandika kwa herufi kubwa: MDUDU NI NANI? Chini yake: *A – ndiyo, B – hapana.* Akachukua kadi ya ziada, namba sitini na mbili, akatembea hadi nyuma akampa Bwana Clemensi, ambaye aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike.

Panya. Kadi juu. Simu ikapita, namba zikatokea ukutani, karibu zote za kijani. Sawa, panya si mdudu, ananyonyesha. Mende: wote kijani. Kunguni, kijani. Mwalimu akaandika neno la nne: KUPE.

Hapo pakachafuka. Ukutani rangi ziligawanyika. Nyekundu zilikuwa nyingi, na nyekundu ya mwisho kabisa, chini kulia, ilikuwa sitini na mbili.

"Sitini na mbili ni nani?" mtu akauliza.

"Ni mgeni!"

Vicheko viliminywa kwa viganja, vikatokea puani. Bwana Clemensi akasimama.

"Hapana. Hiyo mashine imekosea. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Baba yangu alimwita kupe mdudu, babu yangu alimwita mdudu. Leo ukuta unaniambia nimekosa?"

"Mheshimiwa," alisema Nashipai, "kwetu ng'ombe ni wengi kuliko kwenu, na mimi nimejibu hapana."

"Umejuaje?"

"Nimemhesabu miguu. Ukiwa unachunga kuna muda mwingi."

Mwalimu aliandika maneno mawili tu: LETENI KUPE. Fabian alishafika mlangoni kabla ya herufi ya mwisho. Ndama wa Mwalimu Mkuu alikuwa amefungwa nyuma ya jiko la shule, na baada ya dakika chache Fabian alirudi na kopo la chaki, akilibeba kwa mikono miwili kama sadaka.

Wakaziba madirisha kwa masweta. Mwalimu akamweka kupe mkubwa juu ya karatasi nyeupe, akamshikia simu kwa juu, na ukutani akatokea mnyama mkubwa kuliko ndama aliyemnyonya, wa kijani, akipunga miguu. Dawati la mbele lilipiga yowe. Bwana Clemensi alinyanyua miguu kutoka sakafuni.

"Moja!" darasa likaanza kuhesabu. "Mbili! Tatu!" Sauti ikapanda mpaka wa mkondo B wakachungulia. "Saba! Nane!"

"Aah," alisema Bwana Clemensi.

Mdudu miguu sita, kupe nane, ni ndugu wa buibui. Ingeishia pale ingekuwa imekwisha vizuri. Lakini Fabian alikuwa ameleta na kadogo, kamoja kadogo kama nukta, na alitaka nako kapande ukutani. Kakapanda. Wakahesabu. Sita.

"Kamekatika miguu!"

"Kamekatika miwili, pande zote mbili, sawasawa? Wewe vipi?"

"Basi hako ni kadudu, na huyo mwingine siyo."

"Wametoka sikio moja!" alifoka Fabian. "Nimewatoa mwenyewe!"

Wote wakamgeukia Mwalimu. Marsela anakumbuka alivyosimama kwenye mwanga wa kijani, miguu ya kupe imemwangukia begani, akifikiri. Kisha akaandika: SIJUI. Marsela alikuwa hajawahi kuona mwalimu ameandika neno hilo ubaoni, tena mbele ya afisa. Chini yake akaongeza: *Tumuulize nani?*

Kutoka nyuma kikasikika kikohozi.

"Ninayo namba ya bwana mifugo," alisema Bwana Clemensi.

Mwalimu alimwonyesha ile spika kwa kidole. Mgeni hakujua namna ya kuiunganisha na simu, ikabidi Marsela amshikie. Simu ikaita darasa zima likisikia.

"Clemensi! Nipo joshoni, ng'ombe wamenizunguka. Kuna nini?"

"Bwana mifugo, nijibu haraka. Kupe ana miguu mingapi?"

"Umelewa saa nne asubuhi?"

Masweta mawili yalidondoka dirishani kwa jinsi watoto walivyocheka. Bwana Clemensi akaikaribia spika kama anayeongea na mgonjwa. "Nipo darasani. Una watoto sitini na moja wanakusikiliza."

Zikasikika sauti za ng'ombe. "Aaa. Hamjambo, watoto?"

"HATUJAMBO! SHIKAMOO!"

"Marahaba. Sikilizeni. Kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita. Akishakunywa damu anabadilisha gamba, na akitoka humo ana nane. Kwa hiyo huyo wenu wa sita ni mtoto. Mmenipata? Mdudu yeye hata akue namna gani, sita yake ni sita."

Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Maswali yalikuwa yamepanga foleni: gamba analiacha wapi, akikosa damu anabaki na sita, je, na siafu. Bwana mifugo alikaa kwenye simu mpaka salio likakata.

Bwana Clemensi alimkuta Mwalimu Mkuu kwenye ngazi za ofisi. Marsela alikuwa pale anafunga kamba za viatu, ambazo zilichukua muda mrefu ajabu kufungika.

"Sijamsikia akisema hata neno moja," alisema Clemensi.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na mimi nimesimama kubishana na watoto wa darasa la tano." Akatoa barua mfukoni, akaikunja mara mbili, akaichana katikati. "Abaki na darasa lake. Ila siku nyingine asinipe namba. Ningependa nikikosa nikose kimyakimya."

Saa sita Msafiri alifika kwa bodaboda anahema, memori kadi ya Mwalimu iko mkononi. Kule gulioni alikuwa amewasha spika na kuanza kupita kwenye watu, na sauti ya Mzee Abdulwahabu ikawatangazia: "Kitambaa chenye urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili, mzunguko wake ni mita ngapi?" Bibi mmoja alimsimamisha akamuuliza kama siku hizi sumu inapimwa kwa mita. Wengine wakasimama wakijibu lile swali, wakaanza kubishana kati ya sita na kumi, na mpaka anaondoka hawakuwa wameelewana. Dawa hakuuza hata pakiti moja.

Mwezi wa kumi, Jumanne, watoto walisema "Shikamoo mwalimu!" na Laurencia akajibu mwenyewe: "Marahaba, kaeni." Wakabaki wamesimama. Halafu wakapiga makofi mpaka mkondo B wakaja tena kuchungulia. Sauti ilikuwa nusu ya ile ya zamani, na haikuongezeka tena. Vijana wa bodaboda wanalalamika kwamba jedwali la nane hawatalijua kamwe. Kadi ziko mpaka leo, spika ipo, na walimu wengine wameanza kuja kuazima, wakiiangalia kwanza memori kadi mara mbili. Mtu akitaka kumwona Laurencia akifundisha inabidi amtafute, kwa kuwa mara nyingi amekaa dawati la nyuma.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Marsela, ambaye sasa yuko kidato cha pili, alikwenda kumsalimia. Alimkuta uani anapukuchua mahindi. Akasema shikamoo, akavuta kigoda, akachukua hindi, wakaanza kupukuchua pamoja. Walizungumza habari za Nashipai aliyerudi Arash na anasoma kule, na za Fabian anayetaka kuwa bwana mifugo. Halafu Marsela akakumbuka.

"Mwalimu, unajua kuna swali nilikuuliza hukunijibu."

"Wewe ulikuwa unauliza mengi, mwanangu. Lipi?"

"Nilikuuliza sauti yako itarudi lini."

Laurencia aliacha kupukuchua. Alianza kucheka polepole, kicheko cha kukwaruza, mpaka punje zikammwagikia mapajani.

"Ilikuwa imesharudi," alisema.

"Imesharudi? Lini?"

"Jumapili. Siku moja kabla hujaniuliza. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye maharage yangu, nikamfokea. Mbuzi akashtuka, nami nikashtuka. Daktari alikuwa bado ananidai wiki moja ya kunyamaza, nikasema ngoja niimalize."

Marsela alikuwa ameshika hindi hewani. "Kwa hiyo Alhamisi ile... spika inapiga kelele, afisa anaandika, barua iko mfukoni mwake... ulikuwa unaweza kuongea?"

"Niliiona kazi yangu inaondoka, ninaiona kabisa. Nikafungua mdomo niseme, 'Kimya! Samahani mheshimiwa. Fungueni madaftari.' Pumzi nilikuwa nimeshaivuta." Akazikusanya punje zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo. "Miaka kumi na tisa nimeongea mimi, na maswali yote ya darasani yalikuwa yangu. Nimenyamaza wiki saba, Jumatatu ukauliza wewe, Alhamisi akanyoosha mkono Fabian. Nikaimeza pumzi yangu, nisikie anataka nini."